Njiwa wa Harusi kwenye Sahani ya Gasana

Siku Gasana alipoondoka ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wanapotoka na majembe kufanya kazi ya pamoja ya mtaa. Huko Nengo, mtaa wa Gisenyi, walikuwa wameambiwa wazibue mtaro unaoshuka kutoka kilimani. Gasana alichimba na wenzake mpaka saa nne. Akalaza jembe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akakaa juu ya jiwe jeusi la volkano, akaomba maji. Maji yalipofika, mwenyewe hakuwepo tena. Daktari alisema ni presha. Mkewe, Libérata, alikuwa nyumbani akichambua maharage, na mtu aliyetumwa kumwambia alikuja ameshika buti za marehemu mkononi, kwa hiyo hakuhitaji kusema mengi.

Asubuhi ile, kabla ya kutoka, Gasana alikuwa amelisha ndege wake. Uani palikuwa na kisiki cha mparachichi uliokatwa zamani, na juu ya kisiki alikuwa amepigilia mfuniko wa pipa la mafuta, ukawa kama sahani pana. Kila asubuhi aliweka hapo chembe za mtama, gao moja tu la kujaza kiganja, na kando yake tonge la ugali wa jana alilolivunja kwa vidole mpaka likawa kama mchanga. Mtama ulikuwa wa ifundi, vindege vidogo vya kahawia vinavyokuja kwa kundi na kuondoka kwa kundi. Ugali ulikuwa wa inyamanza.

Inyamanza ni ndege mdogo mweusi na mweupe, mkia wake hautulii. Gasana alikuwa wa ukoo wa Abagesera, na inyamanza ndiye ndege wa Abagesera. Hapigwi jiwe. Akitua kwenye kiwanja unachotaka kujenga, unajenga kwa furaha. Gasana hakuwa mtu wa mambo ya kale, alisali kila Jumapili na alikuwa na simu yenye kioo, lakini inyamanza alipochelewa asubuhi, chai ya Gasana ilipoa mezani. Alisimama mlangoni na kikombe, akimngoja. Ndege alipotua, alimwambia tu, "Umefika," kisha akanywa.

Libérata alimcheka kwa hilo miaka mingi. Baada ya mazishi, asubuhi ya kwanza aliyoamka peke yake, alijikuta amesimama mlangoni na kikombe. Inyamanza akaja, akatikisa mkia, akaokota ugali chembe moja moja. Libérata alikunywa chai yote ikiwa ya moto, na hiyo ndiyo chai ya kwanza iliyopita kooni tangu Jumamosi.

Toka siku hiyo alijua kitu kimoja: mambo mengine yote ya Gasana yangeweza kwenda, nguo zingegawiwa, shamba la Rugerero lingelimwa na mwingine, lakini hii asubuhi ya inyamanza ilikuwa yake, na hakukusudia kumwachia mtu.

Kosa alilifanya mwenyewe. Siku ya kuondoa matanga, ile ambayo kwao huitwa gukura ikiriyo, watu walikuwa wengi kuliko walivyotarajiwa, na chakula kikawa kingi kuliko watu. Wageni wengi walipoondoka, palibaki masufuria mawili ya wali. Kumpa jirani chakula kilichobaki matangani hakukumpendeza. Kukitupa kwenye shimo la taka kulimwuma zaidi, kwa maana ulikuwa wali ulioliwa kwa jina la mumewe. Akachukua sufuria moja, akalimwaga lote juu ya mfuniko wa Gasana, na lililozidi likaanguka chini kuzunguka kisiki. Akasema, acha ndege nao wale, maana na wao walikuwa wageni wa Gasana.

Kabla wali haujapoa, njiwa mweupe alitua juu ya bati la paa.

Illuminée alikuwa bado hajaondoka. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha sala, mwanamke mnene wa sauti nzuri, aliyekulia Ngara upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitenge kilichopigwa pasi. Alimwona njiwa, akaweka mkono kifuani.

"Mama Ingabire," alisema polepole. Ingabire ni binti pekee wa Libérata, anafanya kazi Kigali. "Mama Ingabire, geuka utazame. Siku ya kuondoa matanga. Mweupe pe. Unaelewa unachokiona?"

"Naona njiwa."

"Unaona njiwa. Na Yohana Mbatizaji pale mtoni aliona nini?"

Wanawake waliobaki walianza wimbo. Njiwa alishuka, akala wali wa matanga mpaka shingo ikavimba, akanya juu ya mfuniko, akaruka. Kesho yake alirudi na wenzake watano.

Hawakuwa ndege wa huku, na kila mtu Nengo alijua walikotoka. Kule chini ziwani kuna ukumbi wa harusi, na mwenye ukumbi, Rwema, alikuwa ameanzisha mtindo wa bibi na bwana harusi kufungua kikapu na kurusha njiwa weupe wakati wa picha. Picha zilipendeza. Baada ya picha hakuna aliyeuliza njiwa wamekwenda wapi. Walikuwa wamekwenda kwenye paa za sokoni, wakazaana na njiwa wa kijivu waliotoroka mabanda ya watu, na watoto wao wakatoka wa madoadoa, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maziwa.

Ndani ya mwezi mmoja wakawa zaidi ya arobaini kwa Libérata. Wali ulikuwa umekwisha zamani, lakini wao hawakuambiwa. Walikuja kabla ya jua, wakatembea juu ya bati kwa kucha zao, kwaruu, kwaruu, na ile sauti yao ya kooni, kama mtu anayesukutua maji na hataki kuyatema. Alipofungua mlango walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa mawe, wanamtazama kwa macho mekundu yenye duara jeupe. Aliweka gao la mtama, wakalivamia kwa mabawa, wakapandana migongo, wakasukumana kama watu waliosikia kuna mafuta ya bure.

Kilichomchukiza zaidi kilikuwa miguu. Miguu ya rangi ya waridi, yenye magamba, na kwa wengine vidole vimekatika au vimevimba kwa nyuzi na nywele za saluni zilizowafunga. Kwa miguu hiyo walikanyaga ugali, wakanya, wakakanyaga tena, wakala. Mfuniko wa Gasana uligeuka mweupe, kisha kijani, kisha ukawa na ganda ambalo halikutoka hata kwa kisu. Kiti ambacho Gasana alikalia jioni, chini ya baraza, kilikuwa na michirizi kutoka mgongoni hadi miguuni. Siku moja alikuta dume amempanda jike juu ya kiti hicho, mchana kweupe. Alivua ndala akawarushia. Ndala ikagonga dirisha. Wao wakahama hatua mbili na kuendelea.

Unyoya uliingia kwenye uji. Utitiri, vidudu vidogo visivyoonekana mpaka vikutembelee, ulishuka kutoka darini ukaingia kitandani, naye akawa analala akijikuna upande wake na upande wa Gasana.

Akufukuzaye hakwambii toka. Ifundi waliacha kuja bila kelele. Inyamanza alivumilia. Alitua pembeni, akangoja, akapenya chini ya matumbo ya wale wakubwa, akadokoa chembe. Asubuhi moja Libérata akiwa na kikombe mlangoni, njiwa mmoja wa madoadoa aligeuka na kumpiga bawa. Halikuwa pigo la ugomvi, alimsukuma tu kama mtu anavyosukuma kitu kilichomzuia sahani. Inyamanza alibiringika kwenye udongo, akasimama, mkia ukatikisika mara moja, akaruka upande wa ukuta.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Chai ilirudi kushindwa kupita.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Ndahiro, fundi wa baiskeli, aliyezaliwa Goma kama Libérata mwenyewe alivyozaliwa Goma, na wawili hao walizungumza Kiswahili cha kule bila kujali nani anasikia. Ndahiro aliegemea ukuta akawatazama njiwa kama mtu anayesoma orodha ya vyakula.

"Mama Ingabire, we iko na butchery juu ya nyumba na unalia njaa."

"Sililii njaa. Ninalilia uchafu."

"Ku Goma ile tunakulaka na sombe, majani ya muhogo. Unaweka pilipili moja, ya kijani. Donc, nipe ruhusa tu. Mi niko na wavu."

"Illuminée atasema umekula mume wangu."

"Gasana alikuwa mwembamba," alisema Ndahiro. "Hawa beko na mafuta."

Libérata alicheka, na alipocheka aliona haya, akaingia ndani.

Lakini Illuminée alikuwa jambo zito. Kila Alhamisi kikundi cha sala kilikuja kumfariji mjane, na kila Alhamisi kila mwanamke alileta kitu kwenye leso: mchele mbichi, mahindi yaliyopondwa, mkate. "Kwa ajili ya ndege wa Baba Ingabire," walisema, wakamwaga kuzunguka kisiki. Libérata alijaribu mara moja kuwaambia kwamba ndege wa Baba Ingabire alikuwa mwingine, mdogo, na kwamba hawa walikuwa wamemfukuza. Illuminée alimshika mkono kwa huruma.

"Huzuni hufumba macho, mwanangu. Ulimwomba Mungu ishara, amekupa arobaini."

"Sikuomba ishara."

"Ndiyo maana ni neema."

Na mjane wa miezi mitatu, mwenye kukaa peke yake, hawezi kugombana na kikundi cha sala. Hao ndio waliokesha naye msibani. Hao ndio waliompikia alipokuwa hawezi kuinuka. Alifagia mavi.

Badala yake alishuka ziwani kwa Rwema, mwenye ukumbi. Alimkuta akipanga viti vyenye vitambaa vyeupe. Rwema alikulia Kampala, mtu mchangamfu, alimvutia kiti.

"Pole sana kwa mzee, Mama. Tulisikia."

"Asante. Nimekuja kukuomba uchukue ndege zako."

"Zangu ziko kwenye keji." Alionyesha kwa kidevu kikapu kikubwa cha waya nyuma ya meza, chenye njiwa sita wamebanana. "Nikishafungua, kazi imekwisha. Bibi harusi amepiga picha."

"Kisha zinaenda wapi?"

"Nature, Mama. Zinaenda nature, porini."

"Nature iko Nengo, nyumba ya tatu ukitoka kwa fundi baiskeli," alisema Libérata. "Inakunya juu ya kiti ya mume wangu."

Rwema alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Ukweli ni huu. Njiwa wa kufundishwa anarudi kwake, lakini ni ghali. Hawa wa bei ndogo naletewa kwa basi, usiku kucha ndani ya kikapu. Hawajui Gisenyi, hawajui chakula cha porini. Ukiwafungulia, wanamtafuta mtu mwenye sahani." Akakuna kichwa. "Chukua wawili, Mama. Wasafi. Zawadi ya pole."

Libérata aliwatazama wale sita kwenye waya. Mmoja alikuwa amenyewa kichwani na wenzake na hakuwa na nafasi ya kujipangusa. Kwa muda mfupi aliwahurumia. Kisha harufu ikamfika, ileile ya kitandani kwake, akaaga.

Juma lililofuata bomba la mtaa lilikatika, kama linavyokatika kila mara, na siku tisa zote watu walitegemea maji ya mvua. Libérata alikuwa na tangi jeusi kando ya nyumba. Gasana alilifunga mwenyewe, na mfereji wa bati ulioshusha maji ya paa ndani yake pia aliukunja mwenyewe. Alhamisi kikundi kilipokuja, alichota humo, akachemsha, akatia majani, tangawizi na maziwa. Aliona chai ina utelezi kidogo mdomoni. Akadhani ni maziwa.

"Chai ya leo ina ladha nzito," alisema Illuminée, akasogeza kikombe kiongezwe. "Chai ya kwetu zamani ilikuwa hivi."

Ijumaa maji yalitoka na harufu, yakaacha donge moja la kijivu chini ya ndoo, lenye nyuzi. Libérata aliliangalia kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa manyoya. Akaazima ngazi kwa Ndahiro, na Ndahiro mwenyewe akapanda, akafunua kifuniko cha tangi, akageuza uso.

"Shuka nione," alisema Libérata.

"Usione."

"Shuka."

Alishuka, Libérata akapanda. Mfereji ulikuwa umegeuka kitanda cha njiwa. Viota viwili vilikuwa vimejengwa kwa waya, vijiti, nyuzi za mifuko na nywele za kusuka, vyote vimegandishwa kwa mavi kama tofali. Mvua ya juzi ilikuwa imesukuma makinda mawili mpaka tangini. Moja lilikuwa bado na umbo lake, na nywele laini za manjano, na mdomo mkubwa kupita kichwa. La pili lilikuwa limeanza kuwa maji. Juu ya maji yote palitanda utando laini, kama malai ya maziwa yaliyopoa.

Libérata alishuka ngazi, akafika kwenye tuta la kabichi, akatapika mpaka zikabaki sauti tu.

Ndahiro alimpa maji ya chupa. "Jana mulikunywa chai?"

"Tulikunywa."

"Na Illuminée?"

"Vikombe viwili."

Ndahiro alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, mabega yakitikisika kwa kicheko. Aliporudi alikuwa amejipangusa macho. "Bon. Hiyo nyama mi siitaki tena," alisema. "Sasa utawaambia, ao utanyamaza?"

Angeweza kunyamaza. Angemwaga maji, angesugua tangi, na Alhamisi wangemwaga mchele wao na kuimba. Lakini usiku huo alijikuna, akawaza, na alichofikia hakikumpendeza. Si Rwema aliyewaleta hapa, wala si Illuminée. Gasana miaka yote aliweka gao moja, na gao moja halimwiti mtu ila yule anayetosheka nalo. Yeye ndiye aliyemwaga sufuria zima. Aliigeuza sahani ya Gasana kuwa hori, na wenye kulia horini wakaja.

Asubuhi alichukua nyundo. Misumari ya Gasana ilikuwa imekunjwa kwa chini, ilimchukua saa nzima, na ganda la mavi lilimwingia kwenye kucha. Alipoung'oa mfuniko, chini yake palikuwa na mabuu meupe yanachezacheza. Aliufunga kwenye gunia akauweka kwenye taka. Alidhani angelia. Alinawa mikono mara tatu tu, kisha akanusa, akanawa tena. Kisha akapanda ngazi kutafuta viota vingine paani. Mayai manne aliyatia kwenye ndoo. Kiota cha nyuma ya paa kilikuwa na makinda mawili hai, yakifungua midomo kumwelekea yeye, tumbo wazi, ngozi ya zambarau. Ndahiro aliyachukua kwenye kiroba, na Libérata hakumwuliza ameyapeleka wapi.

Alhamisi wanawake walikuta uani pamefagiwa na kisiki kitupu. Leso zilikuwa mkononi.

"Kabla hatujaanza, nina neno," alisema Libérata, na kwa kuwa mbele yake alikuwa Illuminée, alijitahidi kusema Kiswahili kilichonyooka. "Chakula kisimwagwe tena hapa. Hata punje."

Illuminée alitazama kisiki. "Umemfukuza mumeo, Mama Ingabire?"

"Nimeishi na Gasana miaka thelathini na moja. Hakunya hata siku moja kwenye maji ya kunywa. Hawa si yeye."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Libérata akaeleza yote, mfereji, viota, makinda, utando. Hakupunguza. Alipofika kwenye siku ya chai, Illuminée aliweka leso yake mezani polepole sana.

"Ile chai."

"Ileile."

"Uliichemsha."

"Niliichemsha, Mama. Pamoja na vilivyokuwamo. Sikujua. Nilipojua, nikasema nikwambie mwenyewe."

Illuminée alitoka. Walimsikia uani, kule kule kwenye kabichi. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa na kilemba kimekaa upande. Hakukaa. Alichukua mkoba wake, akasema sala ya siku hiyo ifanyikie kwa mwingine, na wote wakamfuata, wengine bila kuaga. Alhamisi mbili hakuja mtu, na Libérata aliziona ndefu. Alhamisi ya tatu Illuminée alikuja peke yake na chupa ya javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, chini ya kitenge, akauliza tangi liko wapi, akakunja mikono ya gauni. Walisugua mpaka saa sita. Habari za ishara hazikutajwa.

Njiwa walikaa juu ya bati siku nane wakingoja. Siku ya tisa walipungua. Walipata mahali pengine, nyumba ya wageni huko chini inayomwaga makombo nyuma ya jiko. Wawili watatu hupita bado kutazama, na Libérata huwatupia kokoto bila kulenga sana.

Siku hizi haweki kitu na kuondoka. Asubuhi anatoka na kipande cha ugali kisichozidi ukucha wa kidole gumba, anakivunja juu ya kisiki, anasimama hapo hapo na fagio mkono mmoja na kikombe mkono mwingine mpaka chai iishe. Ifundi wamerudi, wachache, wanapekua majani kandokando ya ukuta bila kupewa kitu. Inyamanza alionekana mara moja juu ya ukuta wa Ndahiro na mara moja barabarani. Kama chai imekwisha na hajaja, Libérata anafagia kisiki, na ule ugali wanapewa kuku wa Ndahiro. Leo wamepewa kuku.